Shahidi Katika Bomba la Hewa



Injini ya mazuti hula hewa nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Injini ya lita 2, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta takriban lita 2,000 za hewa katika dakika hiyo moja, na hapo turbo haijaanza kusukuma. Ili kilo moja ya mazuti iungue sawasawa, zinahitajika kilo 14 na nusu hivi za hewa. Hewa ikipungua, mazuti hayaungui yote, na mabaki yake hutoka nyuma ya gari kama ule moshi mweusi tunaoufunikia pua katika barabara ya kwenda Likasi. Mazuti nayo yakitiwa kidogo kuliko hewa iliyopo, gari huwa mlegevu. Linasikika likinguruma, lakini mlima haulishi.

Zamani kazi ya kulinganisha hivi viwili ilifanywa na pampu ya chuma tupu. Zile Land Cruiser za misheni zenye injini ya 1HZ, ambazo mababa zetu walizipanda kwenda kwenye vigango vya porini, zilimaliza umri wao bila kujua kompyuta ni nini. Magari ya leo yana kompyuta, na kompyuta ya gari ina udhaifu mmoja: haioni. Imefungwa ndani ya kisanduku chake gizani, na yote inayoyajua huyajua kwa kuambiwa. Kuna kifaa kinachoiambia joto la maji, kingine shinikizo la turbo, kingine mwendo wa injini. Na kuna kimoja, kilichochomekwa katika bomba baina ya chujio la hewa na turbo, kinachoiambia ni hewa kiasi gani imeingia. Mafundi wa Kolwezi, kwa mazoea ya Kifaransa, hukiita debimetri. Mimi katika fikira zangu hukiita shahidi, na kwa jina hilo nitaendelea kumtaja.

Shahidi huyo ni mdogo sana. Ndani yake mna utando mwembamba kuliko unywele, unaopashwa joto kwa umeme. Hewa ikipita juu yake huupoza; hewa nyingi huupoza zaidi, hewa kidogo huupoza kidogo. Katika aina nyingi, joto hupimwa pande mbili za utando, upande hewa inakotoka na upande inakokwenda, na tofauti ya pande hizo ndiyo inayogeuzwa kuwa volti na kupelekwa kwa kompyuta. Hana sehemu inayozunguka wala inayosuguana. Ungedhani kifaa cha namna hiyo hakitachakaa kamwe.

Lakini sisi twaishi Lualaba. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hainyeshi, na vumbi jekundu la barabara, pamoja na lile linaloinuliwa na malori ya migodi yanayokwenda Kasumbalesa, huingia kila mahali: katika unga, katika nguo za Misa, katika mapafu ya watoto. Huingia pia katika chujio la hewa la gari. Chujio la karatasi likijaa, watu wengi hulipuliza kwa kompresa na kulirudisha, kisha hulipuliza tena na tena, mpaka karatasi inatoboka matundu madogo yasiyoonekana isipokuwa ukiliinua juani. Hapo vumbi hupata mlango. Humfikia shahidi, hukwama juu ya utando wake, na utando uliovikwa vumbi haupoi kama inavyopaswa. Tangu siku hiyo shahidi husema kidogo kuliko alichokiona. Hasemi uongo wa ghafla. Hupunguza polepole, mwezi baada ya mwezi, na dereva huzoea.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la Mama mmoja wa mtaa wetu, mjane, ambalo lililetwa katika garaji yetu ndogo ya Manika. Ni gari la okazioni lililotoka Ulaya, la injini ya lita 2. Mama huyo halipandi kwa starehe. Dereva wake hubeba abiria na mizigo ya mihogo na mkaa kutoka vijiji vya njia ya Mutshatsha, na mara nyingi, kwa kuwa hakuna gari jingine, hubeba wagonjwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Alisema: "Papa fundi, gari limezeeka ghafla. Likiwa tupu linakwenda. Likiwa na watu, mlimani linaniaibisha." Dereva aliongeza kwamba juma lililopita alilazimika kuwashusha abiria wapande kilima kwa miguu, na mmoja wao alikuwa mgonjwa.

Kuna jaribio ambalo kila mwanafunzi wa garaji hulipenda kwa sababu ni la bure. Unachomoa waya wa shahidi, kisha unaendesha. Kompyuta, ikikosa habari, huwasha taa ya onyo na kutumia makadirio iliyowekewa kiwandani. Ikiwa gari lapata nguvu kuliko mwanzo, ni dalili kwamba aliyechomolewa alikuwa akipotosha. Tulifanya hivyo, na gari la Mama lilipanda. Wanafunzi wetu walicheka kwa furaha. Mmoja wao, kijana wa kundi la Xaveri ambaye najua atayasoma haya, alisema kwamba basi, kama gari laenda vizuri bila kifaa, tuliache hivyo hivyo na Mama asilipe kitu. Si wazo la kijinga. Nimeona magari mengi mjini yakiendeshwa hivyo miaka mizima. Lakini makadirio ya kiwandani ni ya gari lisilo na mzigo maalumu na lisilo katika nchi yetu ya juu. Kutokuwa na shahidi ni nafuu kuliko kuwa na shahidi wa uongo. Hata hivyo bado hujawa na shahidi.

Tena jaribio lile halitoshi kumhukumu. Hapa nawaomba vijana wenye haraka wanisikilize, maana ndipo mafundi wengi wanapotupa fedha za watu. Katika injini hizi kuna vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza gesi mbaya. Masizi yakiifanya ikwame wazi, moshi hujaza nafasi ya hewa safi, na hewa inayoingia kupitia bombani hupungua kweli. Shahidi atasema "kidogo", na atakuwa amesema kweli. Fundi asiyejua atamtoa, atamwuzia mteja mwingine mpya, naye mpya atasema vile vile "kidogo". Anayeleta habari mbaya si lazima awe mwongo. Kwa hiyo tuliifunga njia ya EGR kwa muda kwa kibati, tukakagua mabomba ya turbo kama yana mpasuko, tukalitazama chujio juani. Chujio lilikuwa na matundu kama ungo. Vali ilikuwa nzima.

Ndipo tukafanya hesabu. Nataka niiandike hapa, kwa sababu aliyemaliza madarasa machache ya sekondari aweza kuifanya, na kwa sababu ndiyo iliyotuokoa baadaye. Kolwezi iko juu zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Katika joto la nyuzi 25, lita moja ya hewa ya Dar es Salaam ina uzito wa karibu gramu 1.18, lita moja ya hewa ya Kolwezi ina karibu gramu 1 kamili. (Mwenyezi Mungu ameturahisishia hesabu sisi watu wa huku.) Injini ya lita 2 yenye silinda nne ina nusu lita kwa kila silinda. Silinda ikijaa kabisa ingepokea miligramu 500 kwa kila mvuto. Haijai kabisa, maana hewa hupata joto njiani na vali hazikai wazi muda mrefu. Basi twatazamia kati ya 420 na 450 injini ikiwa imewashwa bila kukanyagwa, na EGR ikiwa imefungwa. Skana ilipounganishwa, ilionyesha 240. Tulimsafisha shahidi kwa dawa yake maalumu inayokauka bila kuacha mafuta, bila kumgusa kwa kitambaa wala kumpuliza kwa kompresa. Alipanda hadi 290 akakoma hapo. Utando ulikuwa umekwisha.

Kifaa cha orijini kingelazimika kuagizwa kutoka Afrika Kusini, kwa majuma kadhaa ya kungoja na kwa bei ambayo Mama alipoisikia alikaa kimya, akaangalia chini. Ikabaki njia ya pili, ile mafundi wanayoiita adaptabli: kifaa cha mtengenezaji mwingine, kilichofanywa ili kiingie mahali pa kile cha kwanza.

Naomba tusidharau neno hilo. Nimewasikia watu wa Kanisa wakihubiri juu ya vipuri kana kwamba kila kisicho orijini ni kazi ya Shetani. Si kweli. Kuna viwanda vinavyoweka jina lao wenyewe juu ya kazi yao, vinaandika namba ya kile wanachokibadilisha, na kazi yao ni njema. Maskini hupata kuendesha gari kwa sababu yao. Adaptabli inayosema "mimi ni adaptabli" haijamkosea mtu yeyote.

Dukani tulionyeshwa masanduku mawili. La kwanza lilikuwa na jina kubwa la kiwanda kinachojulikana ulimwenguni kote, rangi zake zote na muhuri unaong'aa. Bei yake ilikuwa chini kuliko la pili. La pili lilikuwa sanduku la kawaida, na jina la mtengenezaji ambalo wengi wenu hamjalisikia. Muuzaji, mtu mchangamfu asiye na ubaya wa wazi, alisema la kwanza ni orijini "ya bei ya urafiki". Tulikubaliana naye tuvichukue vyote viwili, tuvipime, tulipie kimoja na kukirudisha kingine. Si kila muuzaji anakubali hivyo. Huyu alikubali, na hilo nalihesabu upande wake.

Kifaa cha sanduku la jina kubwa kiliingia bombani bila shida. Plagi yake ya pini tano ilibana kwa mlio ule mzuri ambao fundi huupenda. Tulipima volti injini ikiwa haijawashwa: karibu volti 1, kama inavyotakiwa kwa aina hiyo wakati hewa haitembei. Kwa macho, kwa mkono, kwa multimeta, kila kitu sawa. Tukawasha injini. Skana ikasema 340.

Kwa nini kifaa kinachofanana kwa kila kitu kitoe hesabu nyingine? Kwa sababu hakipimi hewa yote. Kinapima kijito kidogo kinachopita katika njia yake nyembamba, na kompyuta hukisia mto mzima kwa jedwali iliyopewa na kiwanda. Jedwali hiyo inafaa kwa utando fulani na kwa upana fulani wa bomba. Hewa ile ile katika bomba pana hupita polepole, na kifaa kilichozoezwa kwa bomba jembamba kitasema kidogo. Wapo wanaotwaa kifaa cha gari moja, wanakipachika katika bomba la gari jingine, na kwa kuwa kinaingia wanasema kinafaa. Wapo pia wanaoiga umbo tu na kupiga chapa ya mwingine juu yake. Hiki kilikuwa cha namna hiyo ya mwisho, nadhani: herufi za chapa zilikuwa nene kidogo kuliko zilivyopaswa kuwa, na pembeni zilitanda wino.

Tulilitoa gari barabarani likiwa na mifuko ya mchanga. Lilikwenda vizuri kuliko lilipoletwa. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Yule kijana wetu wa Xaveri aliuliza kwa unyofu kabisa, si kwa hila: "Papa, Mama amekuja na 240. Tukimpa 340 atafurahi. Atatushukuru. Sanduku lina jina kubwa, naye ataliweka nyumbani kama cheti. Ana safari kesho. Tutakuwa tumemwibia nini?"

Ni swali ambalo nililitafakari nikiwa bado na bisibisi mkononi, na ningependa kundi lenu lilitafakari kabla ya kuendelea kusoma. Kijana hakusema uongo hata mmoja. Gari lingekwenda. Mama angefurahi. Lakini kompyuta ingeendelea kuamini kwamba hewa ni haba, ingeendelea kulinyima gari mazuti pale linapoyahitaji, na kwenye kile kilima cha njia ya Mutshatsha, na watu kumi ndani yake, sehemu hii iliyofichwa ingedai malipo yake. Angelipa nani? Si sisi. Wala Mama hangejua, maana angeamini kwamba amekwisha kununua kilicho bora, na kwamba basi kilichobaki ni uzee wa gari. Mtu aliyeuziwa kidogo kwa jina la kidogo anajua alichonacho, na aweza kuweka akiba anunue kikubwa. Aliyeuziwa kidogo kwa jina la kikubwa amenyang'anywa hata ujuzi wa hali yake mwenyewe. Katika garaji amri ya saba na amri ya nane hukutana mahali pamoja, na mara nyingi mtu huzivunja zote mbili kwa stakabadhi moja.

Tulikirudisha. Kifaa cha sanduku la kawaida kilisoma 430. Tuliweka chujio jipya, tukaondoa kibati cha EGR, tukarudi barabarani na mifuko yetu ya mchanga, gari lilipanda.

Mama hakufurahi sana. Ni lazima niseme hivyo, kwa sababu katika masimulizi ya kurasa kama hizi mteja hulia machozi ya shukrani. Alikuwa amepoteza safari moja kwa kungoja vipimo vyetu. Aliuliza, "Ni orijini?" Nikamwambia, "Hapana, Mama, ni adaptabli. Tumeipima." Akasema jirani yake alipata orijini kwa bei ya chini ya hiyo, na kwamba mafundi wa siku hizi wanapenda maneno mengi. Alilipa nusu, akaahidi nusu nyingine mwisho wa mwezi, akaenda. Alilipa, kwa kweli, ingawa si mwisho wa mwezi ule.

Nimeandika kwa kirefu juu ya kifaa kinachoweza kufichwa katika kiganja cha mkono kwa sababu mji wetu wote unaishi kwa vipimo. Ardhi ya hapa hutoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono ya kaka zenu. Mnaijua safari ya mfuko. Mchimbaji hutoka shimoni, hupakia juu ya baisikeli au pikipiki, hufika depo, iwe Musompo au kwingineko. Hapo mfuko hupimwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mizani, ijulikane uzito, mara ya pili kwa mashine ya mkononi ambayo kila mtu huiita Metorex, ijulikane ni asilimia ngapi ya shaba au ya kobalti iliyomo. Namba inayotokea juu ya kioo ndiyo bei ya siku nzima ya kazi, na pengine ya juma. Mchimbaji hana mashine yake. Hana hesabu ya kulinganisha kama ile yetu ya gramu moja kwa lita. Malalamiko kwamba namba hushushwa yamesikika miaka mingi, mpaka katika ripoti za mashirika ya haki za binadamu, na sidhani kuna jumuiya hai katika parokia zetu isiyo na mtu aliyewahi kurudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba mfuko wake ulikuwa mzito kuliko ulivyotamkwa.

Nabii Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo, mtu wa kazi za mikono. Aliwashambulia wafanyabiashara wa Israeli ambao hata siku ya Bwana mawazo yao yalikuwa sokoni, wakihesabu saa zilizobaki kabla ya kurudi kwenye debe lililopunguzwa na mizani iliyopindwa. Ninapoisoma sura yake ya nane sioni kitu cha kale ndani yake.

Na sisi Wakongo tumepewa shahidi wa vipimo wa zama zetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mlei kama sisi, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani wa mji wake. Kazi yake ilikuwa katika Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, ile tunayoiita OCC: kukagua bidhaa zinazovuka mpaka na kusema zipi zimeharibika. Mwaka 2007 uliletwa mchele usiofaa kuliwa na watu. Alipewa fedha ili aupitishe, akakataa, alitishwa, akakataa. Julai ya mwaka huo alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko aliwatajia vijana jina lake katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, siku ile alipowahesabia vidole vitano vya mkono na kukifanya kidole cha kati kuwa uaminifu. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Kinachonigusa katika habari yake ni jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa ya kawaida. Hakuitwa mahakamani aikane imani yake, kama mashahidi wa kale tunaowasikia katika masomo. Aliletewa fomu. Alitakiwa aandike "nzuri" mahali pa "mbaya", na kati ya wale ambao wangeula mchele ule hakuna ambaye angejua jina la aliyeandika. Nimekwisha kuwasikia vijana wakisema kwamba Floribert ni mtakatifu wa wakubwa, wa watu wenye cheo na mhuri. Sioni hivyo. Mhuri wake na skana yetu ni ndugu.

Katika garaji tulifanya jambo moja dogo baada ya siku zile. Juu ya kila stakabadhi, mbele ya kila kipuri, tunaandika neno moja kati ya matatu: orijini, adaptabli, okazioni. Kile cha zamani mteja hupewa arudi nacho nyumbani. Na palipo na namba iliyopimwa, tunaiandika. Wateja wengine hawaisomi. Wengine wamehamia garaji ambako kila kitu ni orijini.

Yule kijana wa Xaveri alikuja kwangu jioni moja wakati wa kufunga. Ana kaka yake, ambaye yeye humwita yaya, anayefanya kazi katika depo moja, kazi yake ni kushika ile mashine na kusoma namba. Yaya amemweleza kwamba asubuhi huambiwa ni kiasi gani cha kuondoa. Kijana akaniuliza: "Papa, yaya akiacha, nani atalipa shule ya wadogo zetu?"

Sikuweza kumjibu pale pale, wala sikutaka kumtupia mfano wa mfiadini kama mtu anayetupa jiwe. Kumwambia kibarua wa siku aache mkate wa watoto sita ni rahisi kwa mwenye garaji. Tulimwita yaya katika mkutano wa jumuiya yetu, tukakaa naye, baba mmoja aliyewahi kuwa mchimbaji akiwapo. Hatukutunga tamko. Tulizungumza juu ya kitu ambacho mtu asiye na cheo aweza kufanya kwa mikono yake tu. Yule baba ndiye aliyetoa shauri: asiseme lolote, asigombane na yeyote, ila anapopima, ageuze kioo cha mashine kimwelekee mwenye mfuko, mchimbaji aisome namba yake mwenyewe kabla haijatamkwa.

Yaya alifanya hivyo siku mbili. Siku ya tatu alihamishiwa kwenye kushona mifuko, na mashine akapewa mwingine. Mshahara wake haujapunguzwa mpaka sasa. Jumamosi iliyopita alipita garajini akiwa na nguo zake za kazi, akasimama kando ya gari lililofunguliwa boneti, akauliza skana inasomwaje.